Picha Iliyokwama Njiani

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2019, Wakenya wengi walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakimtazama Eliud Kipchoge akikimbia katika bustani ya Prater, mjini Vienna. Mbio zilikuwa zimeanza saa tatu na robo kwa saa zetu, na kila mtu alijua kwamba jambo linalotafutwa halijapata kufanywa na binadamu yeyote, yaani kumaliza masafa ya marathoni kabla ya kutimia saa mbili. Katika nyumba moja niijuayo, watu wa vizazi vitatu walijazana sebuleni: babu mwenye nyumba, wanawe, wakazawana, na wajukuu waliokaa chini mkekani. Picha ilikuwa ikija kwa njia ya intaneti. Ilipobaki kama kilomita moja hivi, picha ilisita, kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo, kisha mkimbiaji akaganda hewani, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, mfano wa sanamu.

Kelele zilizozuka hazina kifani. Babu aliinuka akaipiga televisheni ubavuni kwa kiganja, maana ndivyo zilivyotibiwa televisheni za ujana wake. Mwanawe wa kwanza aliilaumu kampuni iliyowauzia intaneti. Mwanawe wa pili alizima kila chombo akakiwasha tena, na vyombo vilipokuwa vikiamka polepole, dakika zilikuwa zikipita. Wakati huo huo mjukuu mmoja, msichana wa kidato cha pili, aliichukua simu ya mama yake, akaenda kusimama karibu na ruta iliyoipa nyumba nzima intaneti, akaitafuta picha ile ile. Ikaja, tena ikaja safi. Basi watu wote, wakubwa kwa wadogo, walisongamana juu ya kioo kisichozidi kiganja cha mkono, wakamwona Kipchoge akivuka mstari kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Vigelegele vilipotulia, babu alibaki na swali lake: imekuwaje simu ndogo kuona kilichoishinda televisheni kubwa? Wakubwa walicheka, walakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Jibu lake haliwezi kupatikana kwa kuikodolea macho televisheni peke yake. Lina historia ya karne nzima ndani yake, na mtu asiyeijua historia hiyo, hata awe na vyombo vya thamani namna gani, ataendelea kupiga ubavu wa sanduku lisilo na hatia.

Tuanze na televisheni ya babu. Mwezi wa Januari 1926, mjini London, John Logie Baird, mzaliwa wa Scotland, aliwaonyesha wataalamu picha za televisheni zikijongea. Nchini Kenya televisheni ilianza mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na mwaka 1964 serikali ikalitwaa shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya. Namna ya kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Mnara mmoja ulirusha mawimbi hewani, na kila nyumba yenye antena iliyadaka. Mnara haukujua nani anatazama wala nani hatazami. Waongezeke watazamaji elfu, mzigo wa mnara haukuongezeka hata chembe, kama vile sauti ya mwadhini isivyopungua kwa kuwa waisikiao wamezidi. Kwa hiyo maradhi yake nayo yalikuwa machache: antena iliyogeuka, mlima uliokinga mawimbi, au viungo vilivyolegea ndani ya sanduku. Hivyo viungo vilivyolegea ndivyo vilivyokubali kofi la babu. Dawa yake haikuwa ya kijinga, ila ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Picha ya intaneti husafiri kwa njia isiyofanana na hiyo hata kidogo. Katika miaka ya 1960 watu wawili, kila mmoja kwao na bila kushauriana, walifikia wazo moja. Paul Baran, huko Marekani, alikuwa akitafuta mtandao wa mawasiliano utakaoendelea kufanya kazi hata sehemu zake zikiharibiwa vitani. Donald Davies, huko Uingereza, alikuwa akitafuta namna ya kompyuta nyingi kutumia njia moja bila kupoteza muda. Wote wawili waliona kwamba ujumbe usipelekwe mzimamzima, bali ukatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani ya kiendako, kisha kiachwe kijitafutie njia, na vipande viunganishwe tena vikifika. Davies ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la pakiti. Kwa desturi hii, kila mtazamaji wa mbio hupelekewa nakala yake mwenyewe, iliyokatwakatwa katika maelfu ya pakiti, na hitilafu yaweza kuipata pakiti yoyote mahali popote kati ya Vienna na sebule.

Mtandao wa kwanza mkubwa wa namna hiyo uliitwa ARPANET. Tarehe 29 Oktoba 1969, usiku, mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA mjini Los Angeles, aitwaye Charley Kline, alijaribu kuingia katika kompyuta iliyokuwa zaidi ya kilomita 500 kutoka kwake. Alitaka kuandika neno la Kiingereza la kuomba kuingia, lenye kuanza na herufi L, O na G. Mkononi alikuwa na simu ya kawaida, akizungumza na mwenzake wa upande wa pili. Aliandika L, akauliza kama imefika, akaambiwa imefika. Aliandika O, akauliza, akaambiwa imefika. Alipoandika G, kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa mtandao uliozaa intaneti ulikuwa ni herufi mbili na hitilafu. Mafundi walitafuta kosa, wakalisahihisha, na baada ya muda wa kama saa moja safari ikakamilika.

Nawaomba wasomaji wakitazame vizuri kitendo cha Kline. Hakutuma neno zima akangoja muujiza. Alituma herufi moja, akahakikisha, ndipo akatuma ya pili. Kwa sababu hiyo, kitu kilipoharibika alijua barabara kimeharibika wapi. Hiyo ndiyo siri kubwa ya kila fundi, nasi tutairudia mwishoni.

Tatizo la pili lilizuka visiwani. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kuu katika kisiwa kimoja na watumiaji wake katika visiwa vingine, na nyaya za simu zilikuwa ghali tena hazina uhakika. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake waliwaunganisha kwa mawimbi ya redio, wakauita mtandao wao ALOHAnet. Ugumu ulikuwa huu: wote walitumia wimbi moja, na wawili wakisema pamoja, maneno yao yaligongana yakaharibika. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Abramson hakuweka msimamizi wa kugawa zamu. Aliagiza tu kwamba kila mwenye neno na alitume. Asipopata jibu kwamba limefika, angoje kitambo cha kubahatisha, kisha alitume tena. Kwa kuwa kila mmoja hungoja kitambo chake, si rahisi wagongane mara ya pili. Mpango huo ulifaa, walakini hesabu ilionyesha kwamba kwa desturi hiyo njia haiwezi kutumika vyema zaidi ya sehemu 18 kwa mia. Zilizosalia hupotea katika migongano na kungojana.

Robert Metcalfe, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox huko California, alisoma maandishi ya Abramson. Mwaka 1973, akisaidiwa na David Boggs, aliunda mtandao wa waya ulioitwa Ethernet, akaongeza adabu mbili: sikiliza kabla hujasema, na endelea kusikiliza unaposema, ili ukigongana na mwenzako unyamaze mara moja. Adabu hizo ni zile zile tunazofundishwa barazani mbele ya wazee, na faida yake ilionekana papo hapo. Wazao wa waya huo wangali wanatumika leo, na kila ruta ya nyumbani ina matundu yake nyuma, ingawa watu wengi hawajapata kuyatumia.

Ndipo watu wakataka kuuondoa waya. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu baadhi ya mawimbi yatumiwe na yeyote bila leseni. Mojawapo ya mafungu hayo lilikuwa karibu na gigahezi 2.4, ambalo halikutamaniwa sana, kwa kuwa oveni za maikrowevu zilikuwa zikilitumia kupashia chakula moto. Kampuni ya NCR, iliyojulikana kwa mashine za kuhesabia fedha madukani, ilitaka mashine zake ziweze kuhamishwa bila kubomoa kuta ili kupitisha nyaya, na mhandisi wake aliyekuwa Uholanzi, Vic Hayes, akaiongoza kamati ya kutunga kanuni za pamoja. Kanuni za kwanza zilitoka mwaka 1997, zikiruhusu biti milioni 2 kwa sekunde. Biti ni alama moja tu, ama sufuri ama moja. Mwaka 1999 zikafika biti milioni 11, na mwaka huo huo mtandao huo ukapewa jina la Wi-Fi.

Mawimbi ndani ya nyumba yana adui asiyeonekana, naye ni mwangwi. Wimbi likitoka katika ruta hugonga ukuta, kabati na dari, likarudi kwa njia nyingi, na nakala zake zilizochelewa huivuruga ile ya kwanza. Ni kama mtu asemaye ndani ya pango: akisema harakaraka haeleweki, maana mwangwi wa neno la kwanza unalikuta la pili mdomoni. Huko Australia, katika shirika la taifa la utafiti liitwalo CSIRO, John O'Sullivan na wenzake walilishika tatizo hilo. Katika miaka ya 1970 O'Sullivan alikuwa amesaka ishara dhaifu za redio kutoka katika mashimo meusi madogo ambayo nadharia ilidai kuwa hupasuka huko mbinguni. Hakuyaona. Lakini hesabu alizozitumia katika kusafisha ishara zilizofifia zilimfaa baadaye. Kundi lake lilipanga kwamba badala ya kupeleka alama upesi upesi juu ya wimbi moja, zipelekwe polepole juu ya mawimbi mengi kwa wakati mmoja, ili mwangwi wa kila alama ufe kabla alama nyingine haijafika. Walipata hataza ya Marekani mwaka 1996. Hivyo mtu aliyekosa alichokitafuta nyota zilipo, alisaidia kuisafisha hewa ya sebule zetu.

Hata hivyo mwangwi ukishindwa, chuma hakishindwi. Mawimbi haya hupenya mbao kwa urahisi, hupenya ukuta wa mawe kwa shida, lakini bati na kabati la chuma huyarudisha yalikotoka. Tena redio ina upungufu mmoja ambao waya hauna: chombo kinaposema husikia sauti yake mwenyewe tu, hakiwezi kugundua kwamba mwenzake anasema pia. Kwa hiyo katika Wi-Fi kila chombo hungoja kwanza, na kila pakiti ikipokewa hurudishiwa jibu. Jibu lisipokuja, hutumwa upya. Vyombo vikiwa vingi chumbani, kungojana kunazidi. Na kimoja kikiwa mbali, kikisema polepole kwa udhaifu wa mawimbi, huwachelewesha hata wale walio karibu.

Sasa tuje kwenye hatari kubwa kuliko zote, ambayo ilikaribia kuuangusha mtandao wote. Mwezi wa Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, mahali pawili palipotengana kwa yadi 400 tu, mwendo wa habari ulishuka ghafula kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Mtu angeweza kuzipeleka karatasi kwa miguu na kuutangulia mtandao. Hapakuwa na waya uliokatika wala mtambo uliokufa. Van Jacobson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ile, alistaajabu. Hakuuliza kwa nini mtandao umeharibika. Aliuliza swali la ndani zaidi: mtandao huu umepata kufanyaje kazi wakati wowote?

Alipochunguza pamoja na Michael Karels, aliona hivi. Njia ilipojaa, pakiti ziliangushwa. Kompyuta zilipoona hazijibiwi, zilidhani pakiti zimepotea, zikazituma tena, na nyingine tena. Njia iliyokwisha jaa ikazidi kujazwa na nakala za vitu vilivyokwisha tumwa, mpaka kazi yote ya mtandao ikawa ni kubeba marudio. Kila mmoja alikuwa akijitafutia haki yake, na kwa kufanya hivyo wote wakaikosa. Ndivyo ilivyo katika mzunguko wa barabara mjini, magari yote yanapojisukuma katikati, na hakuna awezaye kutoka.

Dawa ya Jacobson, aliyoichapisha mwaka 1988, haikuhitaji nyaya mpya wala polisi wa kuongoza pakiti. Aliifundisha kila kompyuta kujizuia. Ianze taratibu, kwa pakiti chache. Ikiona zinajibiwa, iongeze. Ikiona moja imepotea, isikasirike ikatuma kwa wingi, bali ipunguze mwendo wake kwa nusu, kisha ianze kuongeza tena kidogo kidogo. Mwenda pole hajikwai. Kwa adabu hiyo, iliyokubaliwa na wengi bila kulazimishwa, intaneti iliokoka. Tangu hapo zimeongezwa mbinu nyingine, lakini msingi huo wa kujizuia ungalipo kila tunapofungua picha.

Mkasa huu ulikuwa na mwangwi wake baada ya zaidi ya miaka ishirini. Ruta za nyumbani zina ghala ndogo ya kuwekea pakiti zinazongoja zamu. Watengenezaji, wakidhani kwamba ghala kubwa ni bora, waliipanua kupita kiasi, kwa kuwa bei ya kumbukumbu za kompyuta ilikuwa imeshuka. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys, akiwa nyumbani kwake Marekani, aligundua kwamba kila alipotuma mafaili makubwa, shughuli nyingine zote za nyumba zilizorota. Pakiti zilikuwa zikipanga foleni ndefu ghalani badala ya kuangushwa, na kompyuta, zisipoona pakiti iliyopotea, hazikujua kwamba zapaswa kupunguza mwendo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na yule yule Van Jacobson walitoa mbinu ya kuifupisha foleni hiyo. Kwa hiyo simu moja inayopeleka picha za harusi kwenye hifadhi ya mbali yaweza, bila mwenyewe kujua, kuikwamisha televisheni ya watu kumi.

Imebaki habari ya picha yenyewe. Kioo cha televisheni chenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu kina nukta zaidi ya milioni 2. Kila nukta ikipewa biti 24 za rangi, na picha 25 zikibadilishwa kila sekunde, jumla yake ni zaidi ya biti bilioni 1.2 kwa sekunde. Hakuna njia ya kawaida ya nyumbani iwezayo kubeba mzigo huo kwa wepesi. Ni lazima picha ifinywe mara mia na zaidi.

Mwanzilishi mmoja wa ufinyaji huo ni Nasir Ahmed, mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 1972 aliomba fedha za kuchunguza njia mpya ya hesabu ya kuifupisha picha, akanyimwa. Hakukata tamaa, aliendelea na kazi pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, na mwaka 1974 wakaichapisha. Hesabu hiyo huitenga sura ya jumla ya picha na vijimambo vidogo ambavyo jicho halivijali, ili hivyo vidogo viachwe. Juu ya hilo wengine waliongeza busara moja zaidi: ikiwa ukuta ulio nyuma ya msemaji haujongei, ya nini kuupeleka mara 25 kila sekunde? Yapelekwe yaliyobadilika tu. Mwaka 1988 liliundwa kundi la MPEG la kutunga kanuni za kimataifa. Kanuni iitwayo H.264 ilitoka mwaka 2003, na H.265, inayofinya zaidi, mwaka 2013.

Kanuni hizi, ziitwazo kodeki, ni kama lugha. Televisheni huifumbua picha kwa kifaa kilichomo ndani yake, na kifaa hicho huzijua zile lugha tu kilizofundishwa kiwandani. Jina la faili halitoshi kuonyesha lugha yake, kwa maana faili ni kama bahasha. Bahasha mbili zaweza kufanana, ndani ya moja pana barua ya Kiswahili na ndani ya nyingine barua ya Kijapani. Hiyo ndiyo sababu filamu nyingine hutoa sauti bila picha, au picha bila sauti. Hapo mtandao hauna kosa, wala televisheni si mbovu. Imesemeshwa lugha isiyoijua.

Kwa upande wetu wa Kenya, historia hii ina sura yake. Mpaka mwaka 2009 nchi yetu ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake ya kimataifa. Setilaiti hizo hukaa angani umbali wa karibu kilomita 36,000, na swali kwenda na jibu kurudi huchukua kama nusu ya sekunde. Mwaka 2009 kebo za baharini ziitwazo TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Bila kebo hizo picha ya Vienna isingalifika katika nyumba za watu wa kawaida. Walakini kebo nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watu wa Nairobi na Kampala wakaona intaneti yao inasuasua. Siku kama hiyo, hata uisogeze ruta namna gani, hufui dafu.

Turudi sasa kwa babu na swali lake. Yule msichana hakuridhika na shangwe za siku ile. Jumapili alasiri, wageni walipokwisha kuondoka, alianza kutafuta, naye alitafuta kama Charley Kline, herufi moja baada ya nyingine. Kwanza alichomeka katika televisheni kijiti cha kuhifadhia mafaili, chenye filamu ambayo ilikuwa ikicheza tangu zamani. Ikacheza bila kusita. Basi televisheni ni nzima. Pili alikumbuka kwamba simu iliiona picha safi ilipokuwa karibu na ruta. Basi njia kutoka Vienna mpaka nyumbani ilikuwa nzima pia. Yakabaki yale mapito mafupi kutoka ruta mpaka sebuleni. Akaenda chumbani kwa babu, ambako ruta iliwekwa. Babu, kwa kuwaogopa wezi, alikuwa ameifungia ndani ya kabati la chuma.

Hakubadili mambo yote kwa pamoja. Aliunganisha kwanza televisheni na ruta kwa waya mrefu. Picha ikawa imara, naye akapata hakika kwamba ugonjwa uko hewani. Kisha aliuondoa waya, akaitoa ruta kabatini akaiweka juu ya rafu ya mbao, mahali palipo wazi. Picha ikabaki imara. Ndipo akajua si kwamba amebahatisha. Simu kumi na tano za wageni siku ya mbio zilikuwa zimezidisha msongamano, lakini chanzo kilikuwa ni kabati. Baadaye alipoulizwa kwa nini filamu ya harusi ya ami yake ilitoa sauti tu pasipo picha, alitazama, akaona kwamba televisheni ilinunuliwa mwaka 2012 na filamu ilifinywa kwa H.265, kanuni ya mwaka uliofuata. Aliigeuza kwa kompyuta ya shule ikawa ya H.264, na bibi harusi akaonekana.

Na yule ami aliyezima na kuwasha, je, alikosa? Hakukosa kabisa. Anwani za intaneti za namna ya kwanza ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi vyombo vyote vya dunia. Kwa hiyo ndani ya nyumba ruta hugawa anwani zake za ndani, na huziazima kwa muda. Mara nyingine ugawaji huo huvurugika, vyombo viwili vikashika anwani moja, na kuzima na kuwasha huwapa wote anwani mpya. Dawa hiyo hufaa mara nyingi. Kosa lake ni kwamba haimfundishi mtumiaji kitu, na ugonjwa usiojulikana hurudi.

Babu aliposikia maelezo yote alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyemkamata Kipchoge akamfungia kabatini. Tukacheka naye. Lakini kuna jambo zito katika kicheko hicho. Watu waliokuwa sebuleni siku ile walikuwa na akili na nia njema, na kila mmoja alikuwa na dawa mkononi. Walichokosa ni subira ya kuuliza, kabla ya kulaumu, kitu kimeharibikia wapi. Abramson alishinda kwa kungoja, Jacobson kwa kujizuia, na msichana wa kidato cha pili kwa kuigawa njia ndefu mafungu matatu na kuyajaribu moja moja. Katika siku zijazo vyombo vitabadilika, na ruta tunazozijua zitawekwa katika makumbusho karibu na televisheni ya babu. Hitilafu hazitakwisha. Atakayejua kuzitafuta kwa utaratibu hatakosa la kufanya siku picha itakapoganda tena.